Maswali ya Wasomaji: Akiba ya kiwandani na kompyuta

SWALI: Ninasimamia uzalishaji katika kiwanda cha milango hapa Mafinga. Mwenye kiwanda ameagiza tuache kulundika milango iliyofikia nusu, na kila hatua itengeneze kile tu ambacho hatua inayofuata imekiomba, kama wafanyavyo Toyota. Mshauri anataka kwanza akiige kiwanda kizima ndani ya kompyuta. Je, hiyo si gharama ya bure?

JIBU: Ndugu msimamizi, inategemea kompyuta hiyo italishwa nini. Hesabu ya mwanzo mnaweza kuifanya kwa kalamu: mkimaliza milango 20 kwa siku huku 200 ikiwa bado mikononi mwa mafundi, kila mlango hukaa kiwandani wastani wa siku 10. Mkiipunguza ibaki 100, siku zitakuwa 5, mradi kasi ya kumaliza isishuke. Kama itashuka au la, hilo ndilo uigaji unaweza kuwaonyesha kabla hamjaharibu oda ya mtu.

Wengi hapa huridhika na wastani wa muda ambao mashine husimama. Mashine ya randa inayosimama saa moja mara kumi kwa mwezi, na ile inayosimama saa kumi kwa mkupuo, hupoteza muda ule ule. Lakini ya kwanza mafundi wa msasa wataivumilia kwa milango michache waliyo nayo, ilhali ya pili itawakalisha bure zamu nzima na zaidi. Mpeni mshauri daftari la matengenezo lenye muda wa kila hitilafu na kila umeme ulipokatika, na akiomba wastani peke yake, mkatalieni. Aanze kwa kuiga kiwanda kilivyo leo. Matokeo yasipolingana na vitabu vyenu, msimlipe kuendelea.

Mbao ni suala jingine. Tanuri la kukaushia hupokea shehena nzima, haliwezi kukausha mbao za mlango mmoja, na msimu wa mvua malori hukwama njia za msituni. Kwa maoni yangu akiba ya mbao kavu ibaki, na kadi za kuombea kazi (hatua inayofuata huirudisha kadi kwa iliyotangulia ili kuomba kazi, hivyo idadi ya kadi ndiyo kikomo cha milango iliyofikia nusu) zianzie baada ya tanuri. (Toyota yenyewe ilizungukwa na wauzaji wake wa vipuri, haikungoja malori ya msituni; hilo husahaulika.)

Idadi ya kadi kati ya randa na msasa ijaribiwe kwenye kompyuta mara nyingi, kila mara na hitilafu tofauti, nanyi mtazame siku mbaya zaidi. Kiwandani anzeni na idadi iliyozidi kidogo ile iliyopendekezwa, kisha mwondoe kadi moja moja.