Fundi, Nyasi Ninazo, Hivi Vikorokoro Vingine vya Nini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Shangani, Mtwara. Wanangu wameniletea kutoka Dar es Salaam majora matatu ya nyasi bandia nitandike uwani, eneo la mita 6 kwa 5, wajukuu wakija likizo wachezee hapo. Kijana aliyekuja kutazama kazi ameniandikia orodha ndefu: kokoto, vumbi la kokoto, kitambaa cha chini, utepe, gundi, pini, mchanga. Nikamwuliza, zulia si lipo? Jirani yangu alitandaza la kwake juu ya mchanga, akapigilia misumari pembeni, kazi ikaisha. Je, naibiwa?
*Mwalimu mstaafu, Shangani*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Huibiwi. Huyo kijana mshike, asikuponyoke. La jirani lisikutamanishe mpaka lipigwe na mvua za Januari hadi Aprili, ndipo ukalitazame tena.

Udongo wenu wa Shangani ni mchanga mtupu. Mtoto akiruka unabonyea, mvua ikija unahama, na zulia linafuata kila shimo la chini yake. Kwa hiyo ondoa udongo sentimita 8 hadi 10, tandika kitambaa, mwaga kokoto ndogo zenye ukubwa mchanganyiko, shindilia, kisha weka vumbi la kokoto kama sentimita 2 na ushindilie tena huku ukinyunyiza maji. Mashine ya kushindilia ikikodishwa kwa bei nafuu, vizuri. Isipopatikana, uwa wa mita za mraba 30 vijana wawili wanaumaliza kwa kishindilio cha mkono, mradi usimamie. Usawa uinamie upande wa mbali na nyumba, sentimita 1 kwa kila mita. Pima kwa kamba na pimamaji, macho yanadanganya.

Kitambaa ninachosema ni kile kinachopitisha maji. Nimekuta nyumba wametandika nailoni nyeusi, eti inazuia majani. Inazuia na maji pia, na baada ya wiki unasikia harufu. Wengine wanashona viroba vya salfa vilivyobaki shambani. Mwalimu, dawa ya mikorosho haina kazi mahali ambapo mtoto anagaagaa! Na hata kitambaa kizuri kisikudanganye kuhusu ndago. Ncha yake ni kali, inatoboa. Ng'oa ndago pamoja na vile vitunguu vyake vya chini kabla ya kuweka kokoto hata moja, maana zulia likishafunika hutamfikia tena huyo adui.

Sasa majora yako. Kama kila moja lina upana wa mita 2, na mengi ndivyo yalivyo, matatu yanatimiza mita 6 kwenye karatasi tu. Kila ubavu una ukingo usio na nyasi, na pale vipande vinapokutana unakata ukingo huo pamoja na mistari miwili mitatu ya mshono. Ukiacha kukata, mstari utaonekana toka barabarani. Hapo utapungukiwa sentimita kadhaa. Usihangaike kununua jora la nne: mwambie fundi ajenge kingo ya tofali au mawe kuzunguka uwa, iingie ndani kufidia pengo. Kingo hiyo unaihitaji hata hivyo, ndiyo inayozuia kokoto zisitambae.

Angalia pia nyasi zinalalia wapi. Pitisha kiganja: upande mmoja ni laini, upande wa pili zinakataa. Vipande vyote vilale upande mmoja, na ni vizuri vielekee barazani unapokaa. Kimoja kikigeuzwa, rangi itaonekana tofauti, na ukienda kugombana na mwenye duka utakuwa unamwonea.

Utepe na gundi ndipo watu wanapopenda kubana matumizi. Maungio yako ni mawili, kila moja mita 5, basi nunua utepe mita 10 na ziada kidogo, wenye upana wa sentimita 30. Uso unaong'aa unalala chini, gundi inapakwa kwenye uso uliokwaruza. Gundi iwe ile ya poliyurethani inayouzwa kwa ajili ya nyasi bandia. Gundi ya viatu haikutengenezwa kulala kwenye unyevu msimu mzima. Kuna utepe wenye gundi tayari, unabandua karatasi na kubandika. Kwa kibaraza kidogo sikatai, kwa uwa wa kuchezea watoto mimi siutumii. Na joto letu linakausha gundi haraka, kwa hiyo ibandikwe asubuhi, ipakwe kidogo kidogo, mahali pakiwa pakavu kabisa. Kabla ya hapo majora yafunguliwe yalale juani saa chache, mikunjo ijinyooshe.

Pini ziwe za umbo la U, urefu wa sentimita 15, zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu. Upepo wa bahari hauna huruma na msumari wa kawaida. Utakatika chini, kichwa kibaki kikingojea unyayo wa mjukuu. Mzunguko wako ni mita 22. Ukipiga kila sentimita 20 unahitaji pini 110. Tenganisha nyasi kwa vidole kabla ya kupiga, usizizike.

Mwisho ni mchanga wa juu. Najua ufukwe uko karibu na toroli halidai nauli. Usithubutu. Mchanga wa bahari una chumvi inayovuta unyevu na kula pini, una vipande vya makombe, na fukwe zenyewe zimeshachimbwa vya kutosha. Chukua mchanga wa mto ulioshwa, ukachekechwa, ukakauka, au wa silika ukiupata. Kilo 5 hadi 8 kwa mita ya mraba zinatosha, yaani wewe kilo 150 hadi 240. Mchanga ndio unaokandamiza zulia na kusimamisha nyasi. Usambaze siku ya jua, uusugue uzame kwa ufagio wa chelewa, ukipinga upande zinakolalia.

Na Mwalimu, saa saba mchana plastiki hiyo inachoma nyayo. Mwaga maji au wangoje kivuli. Kama kivuli chenyewe ni cha mkorosho, mabibo yakidondoka yaokotwe siku ileile na paoshwe, doa lake likikauka halitoki.

SWALI: Sisi vijana wa Lindi mjini tunataka uwanja mdogo wa mpira. Tumeona zulia la bustani ni rahisi. Linafaa?
*Kijana wa Mtanda*

JIBU: Halifai. La mpira lina nyasi ndefu, mara nyingi milimita 50 hadi 60, linajazwa mchanga wa silika na chembe za mpira, na maungio yake yanabeba mikwaruzo ya daluga. Viwanja kama Kaitaba wa Bukoba na Nyamagana wa Mwanza havikutandikwa zulia la bustani. Tena hizo chembe zinasombwa na mvua. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 zisiuzwe tena kuanzia 2031, na Lindi yenu inateremkia baharini. Kwa pesa ya zulia la bustani, nunueni kifusi kizuri, sawazisheni, mcheze.

SWALI: Naweza kuweka jiko la mkaa juu ya nyasi bandia? Nina kibanda cha nyama choma.
*Mama wa Mikindani*

JIBU: Hapana, mama. Cheche moja inayeyusha tundu, na haliotei. Jenga kijukwaa cha tofali, nyasi zikae mbali nalo hatua kadhaa. Palipoungua panakatwa mraba, panawekwa kipande kingine kwa utepe na gundi, nyasi zikilalia upande uleule. Kwa hiyo mabaki ya zulia yasitupwe, yaviringishe uyaweke stoo.