Warsha au karakana?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kutafsiri kijitabu kinachoelezea MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyopo California. Nimeandika “MBARI ina warsha na vifaa vya kuendeleza teknolojia ya utafiti wa bahari”, mhariri kanirudishia anauliza hizo warsha zinafanyika lini. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mhariri wako yuko sawa kabisa, na hili kosa naliona mara nyingi mno mpaka linaniuma. Kwa Kiswahili cha leo ukisema warsha mtu anaona ukumbi, projekta, mtoa mada, chai ya saa nne, watu wanajadiliana siku mbili tatu halafu kila mmoja anarudi kwao. Wewe unataka kusema mahali ambapo mafundi wanachomelea, wanakereza vyuma, wanaunga nyaya, na hapo neno tunalo siku nyingi, ni karakana. Muulize mtu wa Morogoro karakana ya reli, hatakuuliza maana yake. Limetoka Kiajemi, kar ni kazi na khana ni nyumba, nyumba ya kazi, limekaa vizuri hilo.

Ila sikulaumu sana maana hata warsha kwao ilikotoka ni karakana. Ni la Kiarabu, na ndugu zetu walioko Muscat wakikwambia gari liko warsha wanamaanisha liko gereji kwa fundi, na Waarabu wakitaka ule mkutano wanaongeza neno la kazi nyuma yake. Sisi huku tulipolichukua tukaliweka kwenye mikutano likabaki hukohuko, basi ukiwaandikia watu wa huku fuata ya huku.

Na kwa MBARI kosa hili ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu David Packard, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard, alipoianzisha 1987 alitaka wahandisi na wanasayansi wafanye kazi bega kwa bega, kwahiyo karakana ndio moyo wa pale. Ukiandika warsha umewageuza mafundi kuwa wajumbe wa semina.

Tuje kwenye vifaa. Vifaa ni spana, kamera, kompyuta, vitu vya kushika na kuhamisha. Kijitabu kinazungumzia majengo na mitambo iliyosimikwa, na Kiingereza kina neno moja la kubebea hayo yote, “facilities”, sisi hatuna, na wala usihangaike kulitafuta, taja kitu chenyewe. Pana tangi la majaribio lenye maji ya bahari, roboti inatumbukizwa humo kwanza kabla haijapelekwa baharini, basi andika tangi la majaribio. Pana maabara, andika maabara. Pana gati, andika gati. Msomaji atapaona mahali penyewe, ukimwandikia “miundombinu wezeshi” haoni kitu.

Hapohapo utakutana na habari za maji kukandamiza chombo. Usiandike presha peke yake, wengi wetu tunasoma ugonjwa, andika mgandamizo wa maji. Kila ukishuka mita 10 unaongezeka kama ule wa hewa yote iliyo juu yetu, ina maana mita 4,000 ni kama mara 400. Ndio maana fundi anaipaka oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji yasipenye, grisi taratibu kwa kidole, anaigeuza kwenye mwanga kuangalia kama kuna unywele au chembe ya mchanga imenasa, maana unywele mmoja tu unatosha kupitisha maji na kamera ya hela nyingi ikafa huko chini. Hiyo oringi iandike hivyohivyo, kila fundi wa pikipiki anaijua.

Na “kuendeleza teknolojia” sio kosa ila ni pooza. Watu wa pwani wana kitenzi chao, jahazi linaundwa, na chombo kwetu ni jahazi na pia ni zana ya kazi, sasa niambie roboti inayozama baharini kwenda kupima maji utaiitaje zaidi ya chombo? Mimi nafurahi sana lugha inapokuwa imeshatangulia kufika namna hii. Ukikuta wanazungumzia mahali pa kutengenezea meli yenyewe, neno ni chelezo, wa Mwanza wanalijua vizuri.

Kwahiyo mimi ningeandika hivi: “MBARI ina karakana, maabara na tangi la majaribio, na humo ndimo vinabuniwa na kuundwa vyombo vya kuchunguzia bahari.” Lakini kama kurasa za mbele wameandika kuhusu wahandisi wa nchi mbalimbali kukutana siku mbili kujadili namna ya kupima joto la bahari, hiyo iache ibaki warsha, hata kama wamekutania ndani ya karakana.