Jibu: Bima wamenipa ofa ya fidia, nitajuaje kama inatosha?

Salaam ndugu. Umesema mguu ulivunjika kwenye ajali, bado unahudhuria kliniki, na bima wanataka usaini wiki hii. Kwanza angalia karatasi yenyewe: ikiandikwa "malipo kamili na ya mwisho", usisaini kabla daktari hajaandika kama umepona au umebaki na ulemavu wa kudumu, na ni asilimia ngapi. Ukishasaini, gharama ya baadaye, kama ya kutoa vyuma vilivyowekwa mguuni, itakuwa juu yako.

Hesabu ina mafungu mawili. La kwanza ni hasara yenye karatasi: matibabu, dawa, nauli za kliniki, mshahara uliokosa. Hapa risiti ndiyo mfalme; gharama isiyo na risiti hukatwa bila huruma. Mshahara uthibitishe kwa hati za malipo za kabla ya ajali pamoja na barua ya mwajiri yenye tarehe ulizokosa kazi. Matibabu yajayo nayo yaombewe makadirio ya daktari kwa maandishi.

Fungu la pili ni maumivu na usumbufu, na halina risiti. Wakili hutafuta hukumu za karibuni za majeraha yanayofanana na lako. Mvunjiko uliounga vizuri haulipwi sawa na ulioacha mguu mfupi.

Halafu kuna makato. Madai yakiwa 1,000,000 na wewe ukaonekana ulichangia ajali kwa asilimia 20, mahali pengi utabaki na 800,000. Kiwango cha juu ambacho bima ya aliyesababisha ajali inaweza kulipa nacho kiulize mapema, pamoja na muda wa mwisho wa kufungua kesi. Mazungumzo na bima kwa kawaida hayausimamishi muda huo.