Ukizuru kanisa la Kiromaneski, anza na dari

Ushauri ninaompa kila rafiki anayepanga kuzuru makanisa ya mtindo wa Kiromaneski, yaliyojengwa Ulaya Magharibi hasa katika karne ya 11 na ya 12, ni huu: akishavuka mlango asikimbilie sanamu wala madirisha, bali ainue macho kwanza atazame dari, kwa kuwa sehemu kubwa ya atakayoyaona humo yamepangwa kulitumikia dari hilo.

Makanisa mengi makubwa ya awali yalikuwa na paa la mbao, nalo liliungua mara kwa mara. Mafundi wakataka dari la mawe, lisiloshika moto na linaloipa mwangwi sauti ya waimbaji. Lakini tao la nusu-duara lililorefushwa kutoka mlangoni hadi altareni, mithili ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, halielemei chini tu. Huzisukuma kuta zote mbili kwa nje, tena kwa urefu wake wote. Ndiyo sababu kuta ni nene, nguzo ni nzito na madirisha ni madogo. Sogea karibu na dirisha mojawapo, nawe utaona jinsi pande zake zilivyokatwa mshazari ili mwanga mchache unaoingia utawanyike ndani. Wapo wanaosema wajenzi wale walipenda giza. Mimi naona kinyume, kwamba waliuthamini mwanga kiasi cha kuuhangaikia kila ulipoweza kupita.

Mahali ninapopendekeza kujifunzia hayo ni Saint-Sernin mjini Toulouse, Ufaransa, kanisa ambalo Papa Urbano II aliliweka wakfu mwaka 1096. Juu ya njia za pembeni zimejengwa roshani zenye matao yanayopokea msukumo wa dari kuu, na kwa hiyo ukumbi wa katikati hauna madirisha yake yenyewe, bali hupata mwanga kupitia roshani hizo. Kabla ya kuingia, zunguka kwanza nyuma ya jengo, upande wa mashariki, ikiwezekana asubuhi jua likiwa upande huo. Hapo vikanisa vidogo vya nusu-duara vimejipanga chini, juu yao sehemu ya altare, na juu zaidi mnara wa pembe nane. Ndani, njia inayopita nyuma ya altare iliwawezesha mahujaji kuyafikia masalia ya watakatifu bila kuivuruga ibada.

Ukipata nafasi ya kufika kanisa kuu la Speyer, Ujerumani, utaona jibu jingine. Huko, kuelekea mwisho wa karne ya 11, ukumbi mkuu uliezekwa kwa matao yanayokatana, ambayo hukusanya uzito kwenye pembe nne, na ukuta uliobaki kati ya pembe hizo ukaweza kutobolewa madirisha. Kanisa kuu la Durham, Uingereza, lililoanza kujengwa mwaka 1093, lilikwenda mbali zaidi kwa kuliimarisha dari kwa mbavu za mawe, yaani matao membamba yanayojitokeza chini ya dari. Usiondoke pale bila kuzitazama kwa makini nguzo zake nene za mviringo, zilizochongwa mistari ya kupindapinda na miraba ya mshazari.

Michongo iliyo juu ya milango mikuu iache hadi alasiri, kwa sababu milango hiyo kwa kawaida hutazama magharibi na jua la wakati huo huonyesha kila mkunjo wa nguo. Katika kanisa la Conques, Ufaransa, mchongo wa Hukumu ya Mwisho bado una mabaki ya rangi za kale, na huo ni ushahidi kwamba mawe tunayoyaona matupu leo mara nyingi yalikuwa yamepakwa rangi. Anayetaka kuona dari lenyewe likiwa na picha zake aende kanisa la Saint-Savin-sur-Gartempe, pia Ufaransa, ambako visa vya vitabu vya Mwanzo na Kutoka vimechorwa juu ya ukumbi mkuu, naye achukue darubini ndogo, kwa kuwa picha ziko juu sana na kwa macho matupu nyuso hazionekani vizuri.