Matone ya "kusafisha oksijeni" kwa mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo: mama mwenzangu, usimpe kwanza

Mama mwenzangu wa Kizota, umeuliza kama umnunulie mwanao, aliye wiki ya tano baada ya upasuaji wa moyo, yale matone ya antioksidanti ya shilingi 80,000, kwa kuwa daktari alikwambia upasuaji wa moyo huzalisha sumu za oksijeni mwilini. Nimepita hapo. Wangu alifanyiwa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete akiwa na miaka 3, alizaliwa na tetralojia ya Fallot, kasoro nne kwa pamoja. Alikuwa akikimbia hatua chache anachuchumaa, midomo rangi ya zabibu.

Daktari hakukudanganya. Ili wazibe tundu la moyo, moyo husimamishwa, na damu inazungushwa na mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu. Muda wote huo misuli ya moyo inakaa bila damu. Kibano kilichobana mshipa mkuu kikiachiwa, damu yenye oksijeni inaingia kwa mkupuo, na hapo ndipo huzaliwa radikali huru, chembe kali zinazoharibu utando wa seli. Mimi niliielewa kwa jiko la mkaa: makaa yamefifia chini ya majivu, ukipuliza ghafla cheche zinaruka mpaka kwenye kanga. Tena damu ikipita kwenye pampu na mipira, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka, chuma kilichomo kinamwagika na kuchochea zaidi. Mtoto aliyekuwa na midomo ya bluu yuko hatarini zaidi, maana mwili wake ulishazoea oksijeni kidogo.

Lakini hayo ni mambo ya dakika na saa. Kipindi kigumu huwa usiku ule wa kwanza, saa 6 hadi 18 baada ya upasuaji, moyo unapolegea. Wangu alivimba uso mpaka macho hayafunguki. Nesi alikuwa anainama kila saa kusoma mkojo kwenye mfuko, anaandika, haniangalii. Wakaongeza dawa ya kusaidia moyo kusukuma. Alfajiri mkojo ukaanza kuteremka tena kwenye mpira. Nikashika kidole chake, kucha ni pinki! Tangu nimzae sikuwahi kuziona hivyo.

Zile cheche hupiganwa nazo huko huko thieta na ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kupoza mwili, kwa dawa ya kuulaza moyo, kwa kuangalia kiasi cha oksijeni. Na hata huko si kila dawa inafua dafu. Mwaka 2022 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa watoto wachanga wapatao 1,200 waliofanyiwa upasuaji wa moyo, na haikuthibitika kupunguza vifo na madhara makubwa. Sasa kama dawa iliyotiwa kwenye ile mashine siku yenyewe ya upasuaji haikuthibitika, tone la kinywani wiki ya tano litazima moto gani?

Kinachonitisha zaidi ni dawa anazotumia. Kama yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vitamini E nyingi inaweza kumwongezea kutokwa damu. Piga picha lebo ya chupa, uwaonyeshe kliniki kabla hujafungua.

Hiyo 80,000 mnunulie mayai, dagaa, karanga za kusaga, matunda. Usimnyanyue kwa makwapa, mfupa wa kifua unahitaji kama wiki 6 kuunga. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni. Mpige mswaki kila siku, na kabla ya kung'olewa jino mwambie daktari wa meno kuhusu moyo wake, anaweza kuhitaji antibayotiki kwanza. Na tafadhali sana, bibi akisema kikohozi ni kimeo kikakatwe, kataa. Wembe ule unaingiza wadudu kwenye damu, na wadudu hupenda kung'ang'ania penye kiraka kilichoziba tundu la moyo.

Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au akihema haraka na kukataa kula, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke Hospitali ya Benjamin Mkapa siku hiyo hiyo, na karatasi za upasuaji mkononi.