Usinunue hiyo kadi ya grafiki kwa ajili ya Hyper Neo Geo 64

Usinunue hiyo kadi. Nimelisoma swali lako la juzi mara mbili: kibanda chako cha gemu pale Igoma, sanduku la mbao ambalo seremala amekwisha kulichonga, na shilingi 800,000 ulizotenga kwa kadi ya grafiki ili gemu za Hyper Neo Geo 64, ubao wa zamani wa mashine za sarafu, zipate kukimbia kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika. Umeuliza pia habari za joistiki, kioo na kisanduku cha sarafu. Salamu tutapeana baadaye, mdogo wangu, kwa sababu umeandika kwamba muuzaji amekuambia "gemu ni kadi", na maneno hayo hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niiteketeze zamu yangu nzima ya upatu mwaka 2018, hapa hapa Mwanza, nikiwa mtu mzima mwenye watoto na akili zangu timamu.

Wakati ule nilikuwa na kibanda Kirumba, si mbali na Mwaloni, na wateja wangu wengi walikuwa vijana wa kupakia dagaa ambao jioni walikuja kutolea uchovu kwenye PlayStation zangu mbili. Nilitaka mashine ya sarafu ya kusimama, kitu ambacho jirani yangu hakuwa nacho. Nilikuwa na kompyuta ya ofisini, ile myembamba inayolala chini ya kioo, yenye Core i5 ya kizazi cha pili. Nikaweka MAME, programu ya kuiga mashine za sarafu za zamani, nikafungua Fatal Fury: Wild Ambition, gemu ya mapigano ya ubao huo, na wapiganaji wakaanza kurusha ngumi kama watu waliosimama majini hadi kifuani, huku sauti ikikatika. Nikafunga safari ya kwenda mjini. Nikamweleza muuzaji kwamba gemu inakwenda polepole. Hakuniuliza ni gemu gani, wala inaendeshwa na programu gani, wala kompyuta yenyewe ina prosesa ya aina gani. Alinyanyua mkono, akashusha boksi, akasema gemu ni kadi, nami nikalipa shilingi 620,000.

Nilipofika nyumbani ndipo mateso yalipoanza, na nakuomba uyafuate kwa utaratibu, kwa kuwa bei iliyoandikwa kwenye boksi haikuwa mwisho wa gharama. Kadi ilikuwa pana kuliko kompyuta yenyewe, hivyo kifuniko hakikufunga. Pawa saplai ya zile kompyuta nyembamba haina waya wa kuilisha kadi ya namna ile, kwa hiyo nikarudi mjini nikanunua pawa saplai nyingine kwa shilingi 130,000, nayo haikuingia kwenye nafasi yake. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, ambaye amezoea mageti na madirisha, akaikata kompyuta upande mmoja kwa msumeno wa chuma na kunihakikishia kwamba sasa itapumua vizuri. Kwa kweli ilipumua vizuri mno, kwa sababu usiku ule wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, wakafuata mwanga wa kioo, na asubuhi nikawa nawachota kwenye feni kwa kijiko cha chai. Mama watoto aliniangalia, akaniuliza kama hii ndiyo biashara niliyokuwa nikiizungumzia, nami nikamjibu kwamba teknolojia inahitaji subira.

Baada ya hayo yote nikawasha gemu. Wapiganaji walikuwa bado majini. Kijana mmoja aliyekuwa akinitazama akaniambia nibonyeze F11, kitufe ambacho ndani ya MAME huonyesha kasi kwa asilimia, na pale pakaandikwa 58. Nikazima, nikachomoa kadi ya shilingi 620,000, nikawasha tena kwa grafiki ya kawaida ya prosesa, nikabonyeza F11. 58. Nilirudia jaribio hilo mara nne, kama mtu anayehesabu tena noti akitumaini zimeongezeka.

Sababu yake si ngumu, na ingenichukua dakika tatu kuielewa kama ningemuuliza mtu anayejua. MAME haichezi gemu kwa namna ambayo kompyuta inacheza gemu zake za kisasa. Inaiga kila chipu iliyokuwa kwenye ubao wa asili, na Hyper Neo Geo 64 ilikuwa na prosesa kuu ya biti 64 ya ukoo wa MIPS inayokwenda megahezi 100, prosesa nyingine ya V53 kwa ajili ya sauti, na saketi zake yenyewe za kuchora maumbo ya pande tatu. Vyote hivyo, pamoja na kila pembetatu ya uso wa mpiganaji, hukokotolewa na prosesa ya kompyuta yako, na sehemu kubwa ya mzigo huo hubanwa kwenye kiini kimoja tu. Kadi ya grafiki hupokea picha iliyokwisha kukamilika, ikaivuta ijae kioo, basi. Kumnunulia MAME kadi ya bei mbaya ni sawa na kuajiri wahudumu watano kwenye mgahawa wenye mpishi mmoja.

Nakiri kwamba muuzaji hakusema uongo mtupu. Gemu za kisasa za kompyuta hutegemea sana kadi, na ziko programu nyingine za kuiga, kama zile za Dreamcast na PlayStation 2, ambazo huikabidhi kadi kazi ya kuchora maumbo. Simlaumu kwa kutojua habari za MAME, maana hata mimi sikuzijua. Ninachomlaumu ni kwamba alijibu. Mtu mwenye duka la vifaa, mwenye kiti cha kuzunguka na kikokotoo mezani, hakuona haya kunipa jibu la swali ambalo hakulielewa, na niliporudi na kadi mkononi akanionyesha karatasi ukutani isemayo bidhaa ikifunguliwa hairudishwi, kisha kwa sauti ya huruma akanishauri niongeze RAM. Nilinunua. Tusiliongelee.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na linauma zaidi kwa sababu nilionywa bure. Kila nilipofungua gemu ile, MAME ilinionyesha kwanza maandishi kwenye msingi mwekundu, nami nikawa nabonyeza kitufe cha kuyapita kama tunavyopita masharti ya mkopo wa simu. Maandishi yale yalisema waziwazi kwamba mashine hii haifanyi kazi ipasavyo, ikiwa na upungufu wa picha na sauti. Maana yake ni kwamba hata ningekuwa na kompyuta yenye nguvu mara kumi, wateja wangu wangeona gemu yenye kasoro, ila kwa kasi nzuri.

Hapo ndipo historia ya ubao huu inapokuhusu wewe na mfuko wako. Kampuni ya Kijapani ya SNK iliutoa mwaka 1997 ili uwe mrithi wa MVS, ubao wake uliokuwa ukifanya kazi tangu 1990. Mrithi alipata gemu saba tu, akafa mwaka 1999, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2001. Gemu saba maana yake ni watu wachache wanaozikumbuka, na wachache zaidi wenye hamu ya kutumia usiku wao kuchunguza chipu zake. MAME yenyewe ilianza mwaka huo huo wa 1997, lakini mpaka huo mwaka 2018 ninaousimulia, gemu za ubao huu zilikuwa bado na alama ya kutofanya kazi, ilhali za MVS zilikuwa zimekwisha kuchezeka kwa miaka mingi. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika na hali ni bora kuliko niliyoikuta mimi. Hata hivyo toleo jipya la MAME hutoka karibu kila mwezi, kwa hiyo usiniamini mimi wala mwingine yeyote: fungua toleo utakalolitumia, uyasome maandishi ya mwanzo kabla ya kuyapita, na uangalie kama yana rangi nyekundu au ya njano, maana njano ni kasoro za kuvumilika na nyekundu ni balaa.

Kwa hiyo sikiliza. Usilipie kifaa chochote ambacho hujakipima kwa gemu ile ile unayoitaka. MAME ya Windows haihitaji kusakinishwa. Folda yake inakaa kwenye flashi na kufunguka kwenye kompyuta yoyote. Nenda nayo dukani, mwombe muuzaji aiwashe kompyuta anayotaka kukuuzia, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike: mame -bench 90 fatfurwa (fatfurwa ni jina la Fatal Fury: Wild Ambition ndani ya MAME). Itaendesha sekunde 90 za gemu bila picha, bila sauti na bila kujizuia, kisha itaandika wastani wa kasi. 100 ni kasi ya ubao wa asili. Chini ya 100, ondoka dukani hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mimi nisingenunua kompyuta inayoonyesha chini ya 150, kwa sababu kipimo hicho hakihesabu kazi ya kuonyesha picha na kutoa sauti, na kwa sababu gemu ina sehemu nyepesi na sehemu nzito. Sekunde 90 za mwanzo zinaweza kuangukia kwenye matangazo na nembo. Muuzaji akikataa usichomeke flashi yako, hilo nalo ni jibu. Akikusifia kwamba kompyuta ina viini vinane, mwitikie kwa adabu kisha uendelee kupima, kwa kuwa viini vinne vya kizazi kipya vinaweza kuvishinda vinane vya zamani kwa kazi hii.

Faili za gemu lazima zilingane na toleo la MAME unalotumia, la sivyo itakuambia kuna vipande vinavyokosekana. Ile diski ya "gemu elfu kumi" inayouzwa mjini imekusanywa kutoka kila mahali, na nusu yake haifunguki. Sizungumzii hata suala la haki za wenye gemu.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza, nami ningelipa ng'ombe kama mtu angeniambia mapema. Kati ya gemu zile saba, Roads Edge na Xtreme Rally ni za magari na zinataka usukani, Beast Busters: Second Nightmare ni ya bunduki, na zinazofaa sanduku la joistiki ni nne tu: mbili za Samurai Shodown 64, Fatal Fury: Wild Ambition, na Buriki One. Na hiyo Fatal Fury, iliyonikatisha kompyuta kwa msumeno, ilitolewa pia kwenye PlayStation mwaka huo huo wa 1999. Picha zake ni hafifu kidogo kuliko za ubao, lakini kuiga PlayStation ya kwanza ni kazi nyepesi hata kwa kompyuta yangu ile kabla haijapasuliwa. Nilipoiweka, vijana wa Mwaloni waliicheza siku mbili, kisha wakaniomba niwarudishie The King of Fighters '98, ambayo ni ya MVS, ubao wenye prosesa ya megahezi 12, na ambayo kompyuta ile ilikuwa ikiiendesha bila jasho tangu siku ya kwanza.

Kioo chukua chochote cha zamani chenye umbo la 4 kwa 3, hata kikiwa na mikwaruzo, sanduku litaificha.

Kabla hujarudi kwa huyo muuzaji, pima hiyo kompyuta uliyonayo sasa kwa amri niliyokuandikia na uweke namba hapa tuione. Kadi yangu bado ipo kabatini, imeviringishwa kwenye gazeti, na wewe si mtu wa kwanza kuniuliza bei, sikuuzii.