Dibaji: neno lililoanza kama kitambaa

Mkuu, umeuliza dibaji maana yake nini, limetoka wapi, na kama ndiyo hiyohiyo utangulizi. Mimi ni mhariri wa vitabu, na neno hili liliwahi kuniumbua, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Nikiwa bado mgeni kazini nilipewa mswada. Mbele kulikuwa na kurasa mbili za mwalimu wa zamani wa mwandishi, zikimsifu mwanafunzi wake. Zilifuatiwa na kurasa kumi za mwandishi mwenyewe. Zote zilikuwa na kichwa kimoja: Dibaji. Nikadhani ni sehemu moja iliyokatwa vibaya. Nikaziunganisha, jina la mwalimu nikalifuta, la mwandishi nikaliacha mwishoni. Kitabu kikachapwa. Ukurasa wa iii mwandishi anajiita "kijana mwenye kipaji adimu, niliyemfundisha kwa mikono yangu". Simu niliyopigiwa asubuhi ile sijaisahau.

Basi nikaanza kulichimba neno lenyewe. Dibaji tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Waajemi. Kwa Kiajemi diba ni hariri nzito iliyofumwa kwa nakshi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wakaongeza kiambishi cha udogo, likawa dibache, yaani kijihariri, kihariri kidogo. Kwa Kiarabu neno lina "j", nasi tumelipokea hivyo. Waliosoma hadithi za Mtume wanalikumbuka neno dibaji kwenye katazo la wanaume kuvaa hariri. Pale ni nguo kabisa, wala si kitabu. Waarabu wenyewe waliliita hata shavu la mtu kwa jina hilo, kwa ule ulaini wake. Sasa fikiria kitabu cha kuandikwa kwa mkono: ukurasa wa kwanza ndio uliopakwa rangi na kutiliwa nakshi kuliko yote. Ukiufunua ni kama umekunjua kitambaa. Jina la kitambaa likahamia kwenye maneno yaliyokaa hapo.

Utangulizi ni wa kwetu, Kibantu kitupu. Tangulia huzaa utangulizi kama angalia inavyozaa uangalizi. Hapo hakuna pambo. Kuna mtu aliyetangulia njiani, anakuonyesha pa kukanyaga. (Wapo wanaosema dibaji ndilo "sanifu zaidi". Si kweli, yote mawili ni sanifu. Hilo moja limevaa vizuri tu.)

Kwenye uchapaji wetu mara nyingi kazi zimegawanywa hivi: dibaji huandikwa na mtu mwingine, mwenye jina au mwenye kuijua kazi, akikikaribisha kitabu kwa wasomaji. Utangulizi ni wa mwandishi, anaeleza kitabu kinahusu nini, kimepangwaje, mipaka yake iko wapi. Utakuta vitabu ambavyo mwandishi kajiandikia dibaji, na kamusi zinaruhusu, kwa sababu nyingi zinayafasiri maneno haya mawili kama kitu kimoja. Kipimo changu ni hiki: ng'oa kurasa hizo. Kama msomaji bado anaelewa sura ya kwanza bila shida, uling'oa dibaji. Akianza kupapasa, umeng'oa utangulizi.

Kwenye sheria utakutana na utangulizi zaidi: Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaanza na utangulizi unaotaja misingi yake. Na wenye kusoma Kiarabu watakutajia mukadima, nalo ni lilelile la kutangulia. Mwanahistoria Ibn Khaldun alimaliza mukadima yake mwaka 1377 ili iwe mlango wa kitabu cha historia. Leo wengi wanausoma mlango na nyumba hawaijui.

Umesema unaandaa tasnifu. Weka utangulizi, dibaji achana nayo, labda chuo chako kiitake kwenye mwongozo wake. Na uuandike mwisho, ingawa unakaa mwanzo, maana huwezi kumwongoza mtu njia ambayo wewe mwenyewe hujaimaliza.

Mimi tangu siku ile nikipokea mswada naanzia chini ya ukurasa, naangalia nani katia sahihi, ndipo napanda juu kusoma kichwa.